Kushindwa Hakufundishi Mpaka Kusomwe

Kuna sentensi ambayo karibu kila mtu aliyewahi kuanguka katika jambo lolote ameambiwa, mara nyingi na watu wanaompenda: kushindwa ni mwalimu. Husemwa katika mahafali, huandikwa katika vitabu vya kuhamasisha, na hutolewa kama pole kwa aliyefeli mtihani, aliyefunga biashara yake au aliyenyimwa kazi aliyoitumainia. Siidharau sentensi hiyo. Kinachonisumbua ni jinsi inavyomfanya msikilizaji aamini kwamba, kwa kuwa ameshaumia, somo nalo limeshaingia, kana kwamba maumivu ndiyo ada na elimu hufuata yenyewe. Nimewaona watu wengi, nami nikiwamo, walioumia sana na wasijifunze lolote, wakarudi palepale kwa njia ileile huku kilichoongezeka kwao kikiwa uchovu tu.

Mwaka 2019 watafiti wawili wa saikolojia, Lauren Eskreis-Winkler na Ayelet Fishbach, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyoniondolea shaka katika jambo hili. Waliwauliza watu maswali ambayo kila moja lilikuwa na majibu mawili tu ya kuchagua. Baadhi waliambiwa walipopatia, na wengine waliambiwa walipokosea. Kwa kuwa majibu yalikuwa mawili, aliyeambiwa kwamba amekosea alikuwa amepewa jibu sahihi kwa ukamilifu uleule aliopewa mwenzake aliyeambiwa kwamba amepatia, maana lililobaki lilikuwa moja. Hata hivyo, walipoulizwa tena baadaye, walioelezwa makosa yao walikuwa wamejifunza kidogo kuliko walioelezwa mafanikio yao. Walichokiona watafiti ni kwamba kushindwa hujeruhi heshima ya mtu kwa nafsi yake, naye huacha kusikiliza. Ushahidi wa maelezo hayo ulikuja pale watu walipoonyeshwa makosa ya watu wengine: hapo walijifunza vizuri, kwa sababu hapakuwa na kidonda cha kukilinda.

Kwa hiyo mtu aliyeshindwa hukabidhiwa taarifa katika saa ambayo hana uwezo wa kuisoma, na sehemu kubwa ya kinachoitwa uvumilivu, kwa maoni yangu, ni kuitunza taarifa hiyo mpaka siku ambayo atakuwa na moyo wa kuifungua.

Katika saa ile ya kwanza tuna njia mbili za kukimbia, nazo zinaonekana kuwa kinyume. Mmoja husema, "Mimi sifai." Mwingine husema, "Wameniangusha." Wa kwanza anaonekana mnyenyekevu na wa pili anaonekana mwenye kiburi, lakini wote wawili wamefikia hukumu bila kupitia ushahidi, na hukumu hizo zinafanana kwa kuwa hakuna hata moja inayomwambia mtu abadilishe nini kesho asubuhi. Nitaongeza hapa kwamba kuonewa kupo, tena kupo sana, na si haki kumwambia aliyenyimwa nafasi kwa upendeleo kwamba akajitazame kwenye kioo. Ila hata huyo, akitaka kuendelea, atahitaji kujua kwa undani ni mlango upi uliofungwa, ulifungwa na nini, na kama upo mwingine. Na kujua huko ni kazi tofauti na kulalamika, ijapokuwa malalamiko yake ni ya haki.

Wazee wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na methali hiyo husomwa kwa kawaida kama maneno ya faraja. Mimi huisoma kama maneno ya ufundi. Mhunzi aliyevunjikiwa na koleo ana vipande viwili mkononi, na mahali palipokatika panaonyesha kama chuma kilikuwa na ufa wa zamani, kama kilichomwa kupita kiasi, au kama kilibebeshwa mzigo usiokuwa wake. Akivitupa vipande hivyo kwa hasira na kufua koleo jingine la namna ileile, ataendelea na uhunzi, naam, lakini ataendelea pia kuvunjikiwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa mtu kukaa na vipande vyake ni wa ndugu Wilbur na Orville Wright. Hadithi yao husimuliwa kwa kuanzia na ushindi wa tarehe 17 Desemba 1903, siku ambayo ndege yao iliruka kwa sekunde 12 na kusafiri umbali wa takribani mita 36, na kabla ya siku kwisha ikakaa angani kwa sekunde 59. Mwaka wenye mafunzo zaidi, hata hivyo, ni 1901. Mwaka huo walipeleka kwenye ufukwe wa North Carolina ndege kubwa isiyo na injini, waliyoichora kwa kufuata majedwali bora ya hesabu yaliyokuwapo, nayo ikawaaibisha: nguvu ya kuinua waliyoipata ilikuwa kama theluthi moja tu ya ile iliyotabiriwa na hesabu. Walirudi nyumbani wamekata tamaa kiasi kwamba Wilbur alikuja kukiri, miaka kadhaa baadaye, kuwa alimwambia mdogo wake mwaka huo kwamba binadamu hataruka kwa muda wa miaka 50.

Kwa mtu mwenye tabia ya kawaida, palikuwa na majibu mawili yaliyo tayari. La kwanza ni kuacha. La pili ni kujenga ndege nyingine kubwa zaidi na kuomba upepo mzuri. Wao walichagua jibu la tatu, ambalo halina mvuto wa kishujaa hata kidogo: walitilia shaka namba. Katika karakana yao ya baiskeli mjini Dayton walitengeneza kisanduku kirefu chenye feni upande mmoja, wakaunda mizani ndogo kwa vipande vya msumeno na spoki za baiskeli, na katika majira ya kupukutika kwa majani na mwanzo wa baridi ya mwaka huo wakapima vibawa vidogo vya maumbo yapatayo 200. Waligundua kwamba namba moja ya kukadiria msukumo wa hewa, iliyokuwa imerithiwa tangu karne ya 18 na kutumiwa na wengi, ilikuwa kubwa mno. Thamani iliyozoeleka ilikuwa 0.005, yao ilikaribia 0.0033.

Ninachokipenda hapo ni kwamba kushindwa kwao kulikuwa na anwani. Hawakusema "ndege haiwezekani" wala hawakusema "tujitahidi zaidi." Walijua wametarajia kiasi gani, walijua wamepata kiasi gani, na ile tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo iliyowapa swali la kulifanyia kazi. Mtu ambaye hakuandika alichokitarajia kabla ya kuanza hawezi kuipata tofauti hiyo, kwa sababu baada ya tukio kumbukumbu hujipanga upya na kumdanganya kwamba alijua tangu awali mambo yangeishia wapi. Ndege ya mwaka 1902 iliyochorwa kwa namba zao wenyewe iliwabeba vizuri, ikawaletea tatizo jipya la kupinduka katika kona, nalo wakalitatua kwa kuufanya usukani wa mkia uweze kugeuka. Tatizo jipya ni dalili njema, na nitalirudia jambo hilo hapo chini.

Wakati huohuo, Samuel Langley, mwanasayansi mwenye heshima kubwa na aliyepewa fedha na jeshi la Marekani, alirusha ndege yake kutoka juu ya mashua katika mto Potomac tarehe 7 Oktoba 1903, ikatumbukia majini. Aliulaumu mtambo wa kuirushia, akairusha tena tarehe 8 Desemba kwa mtambo wa namna ileile, na ikatumbukia tena. Siku tisa baadaye ndugu wale waliruka.

Mimi sijajenga ndege, lakini nimewahi kuwa na Potomac yangu. Katika mitihani ya taaluma yangu kulikuwa na karatasi moja iliyonishinda zaidi ya mara moja, na kila matokeo yalipotoka niliitibu kwa dawa moja: kuongeza saa za kusoma. Niliamka mapema zaidi, nikapiga mistari chini ya maneno mengi zaidi, nikajinyima usingizi, na watu wa karibu wakanisifu kwa uvumilivu wangu. Aliyenisaidia ni mwanafunzi mwenzangu aliyenizidi umri, ambaye hakunipa moyo hata kidogo. Alinitaka niketi na niandike tena, kwa kumbukumbu, majibu niliyoyatoa katika chumba cha mtihani, kisha niyalinganishe na ripoti ya watahini ambayo sikuwahi kuifungua kwa sababu kuisoma kuliniuma. Ilionekana wazi kwamba maarifa ninayo. Maswali yaliyonitaka nimshauri mteja mimi niliyajibu kwa kueleza kanuni, na swali la mwisho kila mara nililiacha nusu kwa kukosa muda. Saa zote zile za ziada nilikuwa nikijaza mtungi uliokwisha kujaa. Nilianza kujizoeza kuandika majibu kwa kufuata saa na kutoa ushauri katika aya ya kwanza, nikafaulu, ingawa kwa alama ambazo sioni haja ya kuzitaja.

Tangu hapo nimekuwa nikitumia kipimo kimoja kwa kazi zangu na, pale ninapoombwa, kwa kazi za wengine: je, kushindwa kwa safari hii ni kulekule kwa safari iliyopita, au ni kupya? Kampuni ya SpaceX ilirusha roketi yake ya kwanza, Falcon 1, mara tatu bila mafanikio. Mwezi Machi 2006 mafuta yalivuja na moto ukawaka muda mfupi baada ya kuruka. Mwezi Machi 2007 sehemu ya juu ya roketi iliyumba na kupoteza mwelekeo kwa sababu ya mafuta kuchezacheza ndani ya tangi. Mwezi Agosti 2008 sehemu ya chini, baada ya kuachana na ile ya juu, iliendelea kusukumwa na mabaki ya nguvu ya injini, ikaigonga. Ukihesabu tu, hayo ni maanguko matatu. Ukisoma sababu zake, unaona roketi iliyoharibikiwa kila safari na jambo ambalo halikuwahi kuiharibu kabla. Dawa ya tatizo la tatu ilikuwa kuongeza muda mfupi kati ya kuzima injini na kuziachanisha sehemu hizo, na tarehe 28 Septemba 2008, chini ya miezi miwili tangu anguko la mwisho, roketi ilifika kwenye obiti.

Mtu anayeshindwa kwa namna mpya kila mara yuko safarini, hata kama matokeo yake kwenye karatasi yanafanana na ya mwenzake anayezunguka mti mmoja.

Lakini haifai kuamini kwamba kila kilichotupwa kilistahili kutupwa. Katika hisabati kuna kisa cha Andrew Wiles, ambaye mwezi Juni 1993, mjini Cambridge, alitangaza kwamba amepata uthibitisho wa kauli ya Pierre de Fermat iliyowashinda wanahisabati tangu karne ya 17. Alikuwa ameifanyia kazi kwa takribani miaka saba, karibu kwa siri. Uthibitisho huo ulipokaguliwa, pengo kubwa lilionekana, na kwa zaidi ya mwaka mmoja, huku ulimwengu wa hisabati ukimtazama, alijaribu kuliziba na asiweze, hata baada ya kumshirikisha mwanafunzi wake wa zamani, Richard Taylor. Tarehe 19 Septemba 1994 alikuwa akijaribu tu kuelewa kwa nini njia yake imekataa kufanya kazi, ndipo alipoona kwamba sababu hasa ya kukataa kwake ilikuwa ndiyo iliyohitajika kuifufua njia nyingine aliyokuwa ameiacha miaka iliyotangulia. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1995. Asubuhi ile hakuwa tena anapigania kuiokoa njia yake. Alitaka kuelewa imekufaje, na sidhani kwamba mtu ambaye bado anajitetea angeweza kuliona alilolikuta.

Hadi hapa nimetaja walioshinda, na msomaji makini atakuwa ameanza kunitilia shaka, tena kwa haki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtaalamu wa takwimu Abraham Wald, akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Columbia, alishughulikia swali la namna ya kukadiria udhaifu wa ndege za kivita kwa kutumia matundu ya risasi yaliyoonekana kwenye ndege zilizorudi. Ugumu wa swali ni kwamba ndege zilizopigwa mahali pabaya zaidi hazikurudi, kwa hiyo hazikuhesabiwa. Hadithi za uvumilivu zina kasoro hiyohiyo. Tunawahoji waliorudi, nao wanatuambia kwamba hawakukata tamaa. Ambao hawakukata tamaa na hawakufika popote hawaalikwi kuhutubia.

Upo utafiti mmoja ninaouheshimu kwa sababu uliwafuatilia wote. Yang Wang, Benjamin Jones na Dashun Wang, katika makala waliyoichapisha mwaka 2019, walilinganisha wanasayansi vijana wa Marekani walioomba ruzuku ya utafiti wa afya na kuikosa kwa tofauti ndogo ya alama, na wenzao walioipata kwa tofauti ndogo vilevile. Waliokosa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuondoka kabisa katika mfumo huo wa ruzuku, ongezeko lililozidi asilimia 10. Hilo ni jeraha halisi, na hotuba yoyote kuhusu uzuri wa kushindwa inapaswa kulitaja kwanza. Lakini waliokosa na wakabaki, katika miaka iliyofuata, walitoa kazi zenye uzito zaidi kuliko wale waliopata. Watafiti walichunguza kama ni suala la wanyonge kuchujwa tu, wakaona kwamba mchujo peke yake hautoshi kueleza tofauti hiyo. Nauchukua utafiti huu kwa pande zake zote mbili: kushindwa kulivunja baadhi, na kuliwaimarisha baadhi, na watu hao walikuwa wakitofautiana kwa alama chache tu siku matokeo yalipotoka.

Ndiyo maana nasita ninaposikia mtu akiambiwa asikate tamaa bila kuulizwa kwanza anang'ang'ania kitu gani. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za mita 5,000 mwaka 2003 akiwa bado kijana mdogo, akapata medali za Olimpiki katika masafa hayo mwaka 2004 na 2008, kisha mwaka 2012 akashindwa kabisa kuingia katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Kuna namna ya uvumilivu ambayo ingemwelekeza arudi kwenye uwanja uleule na kuzikimbilia mita 5,000 nyingine kwa miaka minne. Badala yake alihamia marathoni, akashinda ile ya Hamburg mwaka 2013, akachukua dhahabu ya Olimpiki mara mbili, na mwaka 2022 akakimbia Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, rekodi ya dunia kwa wakati huo. Je, aliacha au aliendelea? Aliacha mbio fulani na kuendelea kuwa mkimbiaji. Lengo lina tabaka, na mara nyingi linalotakiwa kuachwa ni lile la nje tu, ambalo tumelishika kwa nguvu kwa sababu tumeshalitolea miaka mingi na tunaona haya kuikubali hasara. Miaka iliyokwisha kutumika haitarudi kwa kuongezewa mingine, lakini hesabu hiyo, iliyo rahisi ikiwa ni ya jirani, huwa ngumu ajabu ikiwa ni yetu.

Lipo pia suala la gharama, ambalo wahamasishaji hulipita haraka. Si kila mtu ana uwezo wa kushindwa. Ndugu Wright walikuwa na biashara ya baiskeli iliyowalisha, na vibawa walivyovijaribu karakanani, hata vilipokuwa vibaya, havikumuua mtu. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyewatangulia na ambaye walimheshimu sana, alijaribu kwa mwili wake mwenyewe na akafa mwaka 1896 baada ya kuanguka. Mwenye kulea watoto kwa mshahara mmoja hawezi kuambiwa aache kazi na kuthubutu kwa sababu tu fulani alithubutu. Anachoweza kufanya, na nadhani ndiyo busara kubwa ya karakana ile, ni kuyapunguza majaribio mpaka yawe madogo kiasi kwamba kuyakosa hakumbomoi: kuuza kwa wateja wachache kabla ya kukopa, kuandika makala kabla ya kitabu, kumfundisha mtu mmoja kabla ya kufungua shule. Aibu ya jaribio dogo hupona haraka, na mtu hufungua macho mapema.

Kwa kuwa makosa ya wengine hutufundisha bila kutuumiza, ingetarajiwa kwamba tungekuwa tukiyabadilishana kwa wingi. Tunafanya kinyume. Mwaka 2010 mwanasayansi Melanie Stefan aliandika katika jarida la Nature akiwashauri wenzake watunze wasifu wa mambo yaliyowashinda, na mwaka 2016 Johannes Haushofer wa Chuo Kikuu cha Princeton akauweka wa kwake hadharani: vyuo vilivyomkataa, tuzo alizozikosa, makala zilizorudishwa. Ulisambaa kiasi kwamba aliongeza humo kipengele kinachosema kuwa wasifu huo umepata wasomaji wengi kuliko kazi zake zote za kitaaluma.

Niliupenda ujasiri huo, na nimeanza kutunza wa kwangu, ila naona orodha za namna hiyo hukosa kitu. Zinataja kilichokataliwa na mwaka kilipokataliwa, na msomaji hubaki na faraja kwamba hata wakubwa hukataliwa. Katika wangu nimeongeza safu mbili. Moja naijaza kabla ya kuanza jambo, nikiandika ninatarajia nini na ni matokeo gani yatakayonifanya niliache. Nyingine naijaza kama mwezi mmoja baada ya jibu kuja, hasira ikiwa imeshuka, nikiandika nilichokibadilisha. Safu hiyo ya pili ina nafasi nyingi tupu kuliko nilivyodhani, na kila ninapoifungua naona ni maombi gani niliyoyatuma mara ya pili kama yalivyokuwa mara ya kwanza.